Daftari la Kisima: Jinsi Watu Walivyojifunza Kulijua Hodhi la Joto la Ardhi

Miongoni mwa elimu alizozipata mwanadamu, zipo zilizopatikana kwa macho, na zipo zilizopatikana kwa athari. Nyota hupimwa kwa nuru yake, ugonjwa kwa dalili zake, na zama zilizopita kwa masalio yake. Elimu ya hodhi la joto la ardhi ni ya jamii hii ya pili. Hapana mtu aliyeliona hodhi hilo, wala hapana atakayeliona. Liko kilomita moja, mbili au tatu chini ya nyayo zetu, ndani ya mwamba wenye moto, na njia pekee ya kulifikia ni tundu jembamba la kisima lisilozidi upana wa kifua cha mtu. Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kukijua kitu kisichoonekana kwa kuandika, siku baada ya siku, kile kilichotoka katika kisima. Na jinsi walivyopata hasara pale walipoandika wasisome, au waliposoma kila mmoja peke yake.

Neno hodhi lisimpotoshe msomaji. Katika nyumba za pwani hodhi ni kitu cha kujengwa, lina kingo na sakafu, na mtu akichungulia ndani huona maji yamefika wapi. Hodhi la joto la ardhi halina umbo hilo. Si pango lililojaa maji, bali ni mwamba mkubwa wenye nyufa na vitundu vidogo mno, ambamo maji ya mvua yaliyozama kwa karne nyingi yamekutana na joto litokalo chini zaidi. Mahali pengine nyufa hizo zimejaa maji ya moto, yaliyozuiwa yasichemke kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Mahali pengine, napo ni pachache, zimejaa mvuke mkavu. Mwenye kulitumia hodhi hilo hana budi kuyajua mambo matatu: ukubwa wake, wepesi wa maji kupita ndani yake, na kiasi cha maji mapya yanayolirudia. Mwamba ukitazamwa kwa nje hauyasemi hayo. Husemwa na kisima, tena kisima kilichokwisha kutumika.

Kisima kikifunguliwa, yako mambo manne yanayoandikwa katika daftari lake. La kwanza ni uzito wa maji na mvuke unaotoka kwa saa. La pili ni msukumo, ambao wanafizikia wa siku hizi huuita kanieneo. La tatu ni wingi wa joto linalobebwa na kila kilo itokayo. La nne ni chumvi na gesi zilizoyeyuka humo. Kila moja lina lugha yake. Msukumo ukishuka, hodhi linapungukiwa. Joto la kila kilo likipanda, yamkini maji yameanza kuchemka mwambani na mvuke unayatangulia kuingia kisimani. Likishuka, huenda maji ya baridi yamepata njia. Chumvi ikipungua, maji mageni yamechanganyika na wenyeji. Mtu akilisoma jambo moja tu kati ya hayo aweza kudanganyika. Akiyasoma yote manne pamoja, moja humsahihisha mwenziwe.

Hata kupima kwenyewe hakukuwa kazi nyepesi. Kisima cha maji ya moto hutoa maji na mvuke kwa pamoja, kwa ngurumo na kasi kubwa, wala hapana chombo cha kuyakinga. Russell James, mhandisi wa New Zealand, alieleza mwaka 1962 njia iliyorahisisha mambo. Mchanganyiko huo ukitoka katika bomba lililo wazi kwa kasi ya sauti, msukumo unaopimwa kwenye mdomo wa bomba, ukihesabiwa pamoja na upana wake, huunganisha uzito wa mtiririko na joto lililomo. Kisha maji yanayobaki baada ya mvuke kwenda zake hupimwa katika mfereji. Hesabu hizi mbili zikikutana, uzito hujulikana na joto hujulikana. Bomba, saa ya msukumo na mfereji: kwa vyombo vinyonge kama hivyo daftari likaanza kuaminika.

Historia ya jambo lenyewe yaanzia Italia, huko Larderello katika Toscana, ambako katika karne ya 19 watu walikuwa wakitengeneza asidi ya boriki kutokana na maji ya chemchemi za moto. Mwaka 1904 Piero Ginori Conti aliwasha taa tano kwa injini ndogo iliyoendeshwa kwa mvuke wa ardhi, na mwaka 1913 kituo cha kilowati 250 kilianza kazi mahali hapo. Fikra ya zama zile ilikuwa nyepesi: ardhi ni mama asiyechoka, na kisima kilichopungua husaidiwa kwa kuchimba kingine. Fikra hiyo haikuwa ya wajinga. Mbele ya mvuke uliovuma tangu babu wa babu, nani angedhani kwamba una kikomo?

Swali hilo lilijibiwa New Zealand. Kule Wairakei, karibu na ziwa Taupo, uchimbaji ulikuwa umekwisha kuanza kufikia mwaka 1950, na mwezi wa Novemba 1958 kituo cha umeme kilianza kazi. Kilikuwa kituo kikubwa cha kwanza ulimwenguni kuutumia mvuke uliotengwa na maji ya moto, kwani Larderello ilikuwa na mvuke mkavu. Wahandisi wa Wairakei walipima na kuandika tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo mahali hapo pamekuwa chuo cha dunia nzima katika elimu hii.

Daftari lilisema nini? Lilisema kwanza kwamba msukumo unashuka. Katika muda wa miaka 20 hivi ulipungua kwa zaidi ya bari 20, kisha mwendo wa kushuka ukalegea, hata ukakaribia kutulia. Lilisema pili kwamba msukumo ulikuwa ukishuka karibu kwa usawa katika visima vyote, vya karibu na vya mbali. Hapo wenye akili walisimama wakafikiri. Kama kila kisima kingekuwa na chungu chake, kimoja kingeshuka upesi na kingine polepole. Kwa kuwa vyote vilishuka kwa pamoja, ilibidi kukubali kwamba vyote vinakunywa katika chungu kimoja, na kwamba maji hupita ndani ya mwamba huo kwa wepesi mkubwa. Visima vilipochimbwa Tauhara, upande wa pili, ilionekana kwamba huko nako msukumo ulikuwa umeshuka, ingawa hakukuwa kumetolewa maji ya maana. Jirani alikuwa amepungukiwa kabla hajateka.

Lilikuwapo swali la tatu, gumu kuliko yote: maji yanayotolewa yanarudishiwa na maumbile, au yanakwenda moja kwa moja? Daftari la visima lilieleza uzito uliotolewa, lakini halikuweza peke yake kueleza uzito uliorudi. Basi wataalamu wakapima nguvu ya uvutano wa ardhi juu ya uwanja huo, mwaka baada ya mwaka. Mahali palipopungukiwa na uzito chini, uvutano hupungua kidogo sana, lakini hupimika. Wakatoa hesabu moja katika nyingine. Ikabainika kwamba katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya maji yaliyotolewa haikurudishiwa; lakini kadiri msukumo ulivyoshuka, ndivyo maji ya pembeni na ya chini yalivyovutwa kuingia, hata kufikia miaka ya 1970 yaliyoingia yalikaribia kulingana na yaliyotoka. Kutulia kwa msukumo kukapata maelezo yake. Hodhi lilikuwa limefikia mapatano mapya na watumiaji wake.

Mapatano hayo yalikuwa na gharama, nayo haikulipwa na hodhi peke yake. Bonde la chemchemi zilizokuwa zikiruka, ambazo Wamaori walizijua na kuzitumia kwa vizazi, lilinyamaza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 chemchemi zake zilikuwa zimekwisha. Kule Karapiti mambo yakawa kinyume: mvuke uliongezeka, kwa sababu msukumo uliposhuka maji ya chini yalichemka zaidi na mvuke ukapanda. Mahali pamoja ardhi ilizama, na kufikia mwanzo wa karne hii ilikuwa imeshuka karibu mita 15. Mtu aliyeyatazama mambo hayo kwa macho tu angeona miujiza mitatu isiyohusiana. Mtu aliyekuwa na daftari aliona sababu moja yenye matokeo matatu.

Sasa tuitazame ile njia ya kuyasoma maandishi hayo, maana tarakimu nyingi zisizo na kanuni ni kama maneno mengi yasiyo na sarufi. Mwaka 1945 J. J. Arps, mtaalamu wa mafuta ya petroli, alichapisha maelezo ya jinsi visima vinavyopungua. Ikiwa kisima hupungua kwa sehemu ile ile ya kilichobaki kila mwaka, basi mchoro wake katika karatasi ya logi huwa mstari ulionyoka, na mstari huo ukiendelezwa mbele huonyesha yajayo. Ikiwa kupungua kwenyewe kunapungua, mstari hupinda. Elimu hiyo ya mafuta ikahamia katika mvuke. Mwaka 1969 Robert Whiting na Henry Ramey walionyesha, wakiutumia mfano wa Wairakei, kwamba hodhi la joto laweza kuhesabiwa kama mfanyabiashara anavyohesabu duka lake: kilichokuwamo, kilichotoka na kilichoingia lazima vilingane na kilichobaki, katika uzito na katika joto.

Lakini msomaji wa mchoro hana budi kuwa mwangalifu. Kisima chaweza kupungua kwa ugonjwa wake mwenyewe, ilhali hodhi ni zima: chokaa au silika hugandamana ndani ya bomba, na njia ikawa nyembamba. Chaweza pia kuonekana kimepungua kwa sababu tu mtu amekaza vali. Kwa hiyo tarakimu za mtiririko hazilinganishwi mpaka zirekebishwe zote kwa msukumo mmoja wa mdomoni. Kisha hutazamwa majirani. Kisima kimoja kikipungua na wenziwe wamesimama, tafuta ugonjwa ndani yake. Vikipungua vyote kwa mwendo mmoja, ugonjwa uko chini. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka. Ugumu wake ni kwamba inamtaka mtu alione daftari la jirani.

Hapo ndipo kisa cha Marekani kinapoingia. Katika milima ya Mayacamas, kaskazini ya San Francisco, kuna mahali paitwapo The Geysers, penye hodhi la mvuke mkavu kubwa kuliko yote yanayojulikana. Mwaka 1960 kituo cha megawati 11 kilianza kazi huko. Mafanikio yake yakawavuta wengi. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, makampuni na mashirika mbalimbali yalikodi viwanja, kila moja likachimba visima vyake na kujenga mitambo yake, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 uwezo wa mitambo yote ulifika karibu megawati 2,000.

Mpaka uliochorwa juu ya ardhi haukuwa na maana chini yake. Mvuke haukujua kiwanja cha nani umepita. Lakini takwimu za visima zilikuwa siri ya biashara, na kila mmoja alikadiria umri wa kiwanja chake kana kwamba majirani hawapo. Tena kila mmoja alikuwa na sababu ya kufanya haraka, kwa kuwa mvuke ambao hakuuteka leo, mwenziwe angeuteka kesho. Wagombanao kwa sahani moja hawashibi. Hawa hawakugombana hata kidogo, walikula kwa adabu na kimya, na sahani ikaisha vilevile. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1987, kisha ukaanza kushuka upesi kuliko walivyotazamia. Kituo cha Bottle Rock, cha megawati 55, kilichofunguliwa na idara ya maji ya jimbo la California mwaka 1985, kilifungwa mwaka 1990 kwa kukosa mvuke wa kutosha. Mtambo ulikuwa mpya. Kilichokuwa kikongwe ni tumaini lililoujenga.

Je, hodhi lilikuwa limekufa? Daftari lilijibu kwamba sivyo, nalo ndilo jibu lililoiokoa The Geysers. Wanajiolojia walikuwa wameeleza tangu mwaka 1971 kwamba hodhi la mvuke halihifadhi mali yake katika mvuke, kwa kuwa mvuke ni mwepesi mno. Sehemu kubwa ya uzito ni maji yaliyojificha ndani ya vitundu vya mwamba, yakigeuka mvuke kidogo kidogo. Visima vilipotumika, msukumo ulishuka sana, lakini joto la mwamba lilishuka kidogo tu. Maana yake ilikuwa wazi: kilichokwisha si moto, ni maji. Jungu lilikuwa lingali jikoni na mafiga yake yangali mekundu, ila limekaukiwa.

Basi dawa ikawa kurudisha maji. Mwaka 1997 bomba lilianza kuleta maji machafu yaliyosafishwa kutoka wilaya ya Lake, na mwaka 2003 bomba jingine likaleta maji kutoka mji wa Santa Rosa, umbali wa kilomita 60 na zaidi. Maji hayo humwagwa katika visima maalumu, huzama mwambani, hugeuka mvuke, na hurudi juu. Wataalamu walihakikisha kurudi kwake kwa kupima haidrojeni nzito iliyomo, kwa sababu maji mageni hayana alama sawa na ya wenyeji. Kumwaga maji ya baridi katika mwamba wa moto huleta matetemeko madogo madogo, nayo yamekuwa malalamiko ya wanavijiji wa jirani. Kwa hiyo dawa nayo ina daftari lake. Ila ni kweli kwamba kushuka kulilegea. Tena jambo hilo lilihitaji makampuni na wakuu wa jimbo kukaa pamoja na kufunua takwimu zao, na mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya uwanja ikawa mikononi mwa kampuni moja. Walioshindwa kuungana kwa hiari waliunganishwa na upungufu.

Elimu hii ilifika Afrika Mashariki kupitia Olkaria, kusini ya ziwa Naivasha. Visima viwili vilichimbwa huko katika miaka ya 1950, visifikie kina cha mita 1,000, wala havikuleta faida iliyotazamiwa. Mtu mwenye haraka angesema Olkaria haina kitu. Kazi ilirejewa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, visima vya kina zaidi vikapata mvuke, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi, wa kwanza wa namna yake nchini Kenya. Kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45.

Hodhi la Olkaria Mashariki lilikuwa na tabia ya peke yake: tabaka la mvuke juu, na tabaka la maji ya moto chini yake. Visima vilianza kupungua, na swali likawa lile lile la Wairakei na la California. Mwaka 1987 Gudmundur Bodvarsson na Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley, pamoja na wenzao wa Iceland na Kenya, walichapisha makala mawili juu yake. Katika la kwanza waliligawa hodhi katika vipande vingi ndani ya kompyuta, kila kisima na kipande chake, wakabadilisha sifa za mwamba mpaka hesabu ikatoa mtiririko na joto vile vile vilivyokuwa vimeandikwa katika daftari la kila kisima. Katika la pili ndipo walipothubutu kutabiri yajayo. Mpangilio huo una heshima kubwa kwa ukweli. Haruhusiwi kunena juu ya kesho asiyeweza kwanza kuisimulia jana bila ya kukosea.

Nasi tuliozoea kusoma historia tunaijua hatari iliyobaki. Masimulizi mawili yaliyo mbalimbali yaweza kulingana na ushahidi ule ule. Hodhi kubwa lenye nyufa chache na hodhi dogo lenye nyufa nyingi yaweza, kwa miaka ya mwanzo, kuandika daftari moja. Ni muda tu unaowatenga. Ndiyo sababu uwanja mkubwa hujengwa kwa hatua: mitambo michache kwanza, kipimo cha miaka, kisha mitambo mingine. Olkaria ilikwenda kwa mwendo huo. Kutoka megawati 45 za mwaka 1985 ilingoja hadi mwaka 2003 kupata kituo cha pili cha shirika la taifa, na ni mwaka 2014 vilipoongezwa vituo viwili vya megawati 140 kila kimoja. Wako waliouona mwendo huo kuwa wa kobe. Lakini Bottle Rock ulikuwa mwendo wa sungura.

Kutokana na hayo tunapata fundisho lisilowahusu wahandisi peke yao. Kisima kipya husema uongo pasipo kukusudia, kwa kuwa siku zake za mwanzo hutumia akiba iliyo karibu na tundu lake, na mwenye kuipenda habari njema huziandika siku hizo na kuzisahau zinazofuata. Thamani ya daftari haiko katika ukurasa wa kwanza. Iko katika ukurasa wa elfu, ulioandikwa na mtu ambaye pengine hakuambiwa sababu ya kuandika, lakini hakuiruka siku.

Bonde la Ufa halijaisha Naivasha. Linapita Ethiopia, Kenya, Tanzania na kwenda mbele, na katika miaka ijayo visima vingine vitafunguliwa katika nchi ambazo vijana wanaosoma insha hii watazitumikia. Watajenga mitambo kwa fedha za kukopa, na deni hudumu miaka mingi kuliko furaha ya uzinduzi. Basi kisima kitakapofunguliwa, aulizwe kwanza mwenye kalamu: umeandika nini, na nani ameruhusiwa kusoma? Mali iliyo chini ni ya wote, na daftari likifungiwa sandukuni, hodhi halitangoja mpaka ufunguo upatikane.